Mama Hahami

Jumamosi, jioni. Kibugu. Mvua ya vuli imenyesha tangu asubuhi, ile nyembamba inayoshuka kutoka msituni na haina haraka ya kuisha. Kucha zangu zimejaa udongo mwekundu.

Leo nimemwaibisha kaka yangu mbele ya watu. Sijutii.

Niandike sasa hivi, kabla hasira haijapoa nikaanza kujilaumu.

Mama tulimzika hapa nyumbani, upande wa juu wa shamba, karibu na barabara. Siku hizo barabara ilikuwa matope matupu na hakuna aliyeitaka sehemu ile. Sasa kuna lami, na Njeru, kaka yetu mkubwa, anataka kujenga maduka ya kukodisha. Kaburi liko katikati ya mahali anapopataka. Akaandika kwenye kundi la familia kwamba Mama afukuliwe, apelekwe makaburi ya umma mjini Embu. "Hakuna mtu atapanga duka karibu na kaburi. Watu wanaogopa." Mugo, mdogo wetu wa mwisho, akajibu "sawa" papo hapo.

Mimi nilikuwa nafunga mizigo. Ninafundisha historia, nimeolewa Mitunguu, kule Meru, na nilikuwa nimechaguliwa kwenda Korea Kusini kwa kozi fupi ya walimu. Nikasema tutaongea nikirudi.

Jumapili moja huko, mwalimu mwenyeji wangu, Bi. Sunhee, alinipeleka Gyeongju, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Silla kwa karibu miaka elfu. Nilitarajia makumbusho, vioo na watu wanaonong'ona. Akatazama viatu vyangu akasema, "Leo ni kutembea tu."

Tulianzia mjini kwenyewe. Duka la simu, duka la dawa, mkahawa, halafu kilima. Kilima cha mviringo, cha nyasi, kirefu kuliko maduka yanayokizunguka, na miti mikubwa imeota mgongoni mwake. Nikauliza ni nini.

"Kaburi," akasema, na akaendelea kutembea.

Mimi nilisimama. Kando ya lile kaburi watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakinywa kahawa. Baba mmoja alikuwa anamfundisha binti yake kuendesha baiskeli. Mkahawa wa karibu ulikuwa na dirisha kubwa linalotazama kaburi, na meza za hapo dirishani ndizo zilizokuwa zimejaa.

Nilitamani Njeru angeziona zile meza.

Tukavuka barabara tukaingia bustani ya Daereungwon. Humo vilima ni vingi, vya wafalme na watu wao, na njia inapita katikati yake ikipinda huku na huku, kama vijia vyetu vya chai vinavyofuata mlima. Unapita karibu kabisa na mteremko. Wanaume walikuwa wanakata nyasi juu yake kwa mashine. Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia, na Sunhee aliniambia kwamba kabla ya siku hiyo kila familia husafisha makaburi yake. Harufu ya nyasi mbichi ikanipata vibaya. Nikalia pale njiani, mtu mzima. Sunhee akanipa chupa ya maji.

Tukatokea kwenye uwanja mpana wenye mnara wa mawe ambamo zamani walitazamia nyota, tukapita msitu mdogo wa miti mizee, mpaka kwenye daraja la mbao lenye paa, juu ya mto. Hapo ndipo nilimweleza habari za Mama. Nilidhani atausifu mji wake.

"Usifikiri sisi ni malaika," akasema. "Nyanya yangu alikuwa na nyumba karibu na yale makaburi. Walihamishwa, yeye na majirani zake, ili bustani itengenezwe. Hakuacha kuililia ile nyumba mpaka alipokufa." Akatazama maji. "Hapa walihama walio hai. Kwenu mnataka kuhamisha aliyekufa. Mimi ningeuliza kwanza kama kuna mtu yeyote anayelazimika kuhama."

Nilipanda ndege na swali hilo.

Leo Njeru ameita kikao. Nilipofika nikakuta vigingi vimeshapigwa kulizunguka kaburi, na fundi amesimama na kamba yake, anangoja. Kikao cha nini basi? Mugo alikuwa hapo, mikono mfukoni. Tata, dada mdogo wa Mama, alikuwa ameketi barazani amejifunika shuka.

Nikaongea kwa upole. Nikasema shamba letu linafuata barabara mpaka chini, kwenye kituo cha kupimia majani chai, na huko nafasi ipo. Maduka yasogee huko, na njia ya kwenda nyumbani ipite kando ya Mama. Nikawaeleza yote niliyoyaona Gyeongju, hata ule mkahawa.

Njeru akacheka. "Umepanda ndege mara moja, sasa utatufundisha kuzika? Wale ni wafalme. Huyu alikuwa mama wa kuchuma chai."

Nadhani yeye mwenyewe alisikia alichosema. Lakini badala ya kurudi nyuma, akazidi.

"Na wewe umeolewa Meru. Una mume, mna shamba lenu la ndizi. Hapa huna sauti."

Nilivua viatu. Nikatembea kwenye matope mpaka kwenye kigingi cha kwanza, nikakishika kwa mikono miwili, nikakitikisa mpaka kikang'oka. Nikakitupa katikati ya michai.

"Wawira! Una wazimu?"

Nikaenda kwa cha pili.

"Nitaita chifu!"

"Mwite," nikamwambia. "Nitamwambia mimi ni mtoto wa Mama kama wewe, na kuolewa hakukunifuta. Hili shamba bado liko kwa jina lake, Njeru. Unamfukuza mwenye boma kwake?"

Nikaendelea kung'oa. Fundi akaanza kukunja kamba yake polepole, akitazama upande mwingine.

Kisha Tata akasimama. Tata hajawahi kumpinga mwanamume yeyote wa familia hii, na nilijua nitakaripiwa. Akanyoosha kidole.

"Wawira, umesahau kile cha kule nyuma."

Kabla sijageuka, Mugo alikuwa ameshaenda kukichomoa.

Njeru aliingia garini bila kuaga.

Sasa nimekaa hapa jikoni. Sijashinda kitu bado. Chifu anaweza kuja. Majirani wameanza kusema, najua. Mwanamke aliyeolewa kurudi kwao kung'oa vigingi ni habari ya kutosha kwa wiki nzima. Wacha waseme.

Nikiri jambo moja: nampenda kaka yangu. Ndiye aliyebeba jeneza mbele, na siku ile alilia kuliko sisi wote. Tangu hapo sijamwona akilisogelea lile kaburi, anapita kwa kuzunguka. Labda wapangaji wala si shida. Labda anayeogopa ni yeye. Kama ni hivyo aje tukae naye, tulie naye, hata mwaka mzima. Lakini hofu yake haitamwondoa Mama pale.

Tata anasema Njeru atapita kesho baada ya kanisa kumrudisha yeye Tata kwake, maana alishamwahidi na Njeru havunji ahadi kwa Tata. Basi nitamngoja. Nitampikia viazi na njegere kama anavyopenda, nitammiminia chai kikombe kikubwa, nitamuuliza habari za watoto. Na akishamaliza kula, akaniuliza tena, jibu litakuwa lile lile.