Risiti Yenye Muhuri, Akaunti Tupu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana hata kanisani sasa nakaa benchi la nyuma. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, naishi Nsemulwa, Mpanda, ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama tunaouza asali ya Sitalike. Mwaka jana alituandikia mnunuzi wa Tabora anayejiita Safari, sura yake hatuijui, tunajua sanduku lake la posta tu, akaagiza madebe mawili na akalipa vizuri kwa mani oda, basi mwezi wa nane akaagiza kumi na mawili, akatuma risiti ya benki yenye muhuri kwamba ameshaingiza pesa kwenye akaunti yetu. Mwenzangu mmoja, nitamwita Nyanzala, akaniambia, "Dada, pita benki kwanza," nikamjibu, "Muhuri huu huuoni?" na treni ilikuwa inaondoka siku hiyo, nikamtuma apeleke mzigo stesheni. Benki nilikwenda baada ya wiki, karani akasema hakuna kilichoingia, risiti ni ya kughushi. Niliogopa, nikawaambia wenzangu pesa zinachelewa, wakaanza kunong'ona kwamba Nyanzala kaiuza asali njiani, nami nikanyamaza. Jumapili wamemfukuza kikundini, akawa ananiangalia mimi tu. Sasa Safari anataka madebe ishirini, eti atalipa yote kwa pamoja. Nipeleke ili nizipate zile pesa za kwanza?

Mama mwenye aibu, Nsemulwa

JIBU: Dada, usipeleke hata kijiko! Pole kwa kutapeliwa, wengi wameingizwa mjini kwa mani oda ndogo ya kuwalainisha. Ila asali aliiba Safari, jina la Nyanzala umeliharibu wewe kwa kunyamaza, na hapo sikuonei huruma. Risiti, barua na bahasha zake zote peleka polisi, wao ndio waulize posta sanduku hilo limekodiwa na nani. Tangu leo mzigo usitoke mpaka karani wa benki atamke mwenyewe kwamba pesa imeingia, maana muhuri unachongwa hata uchochoroni. Uweka hazina uachie. Kisha itisha kikao wiki hii, wawepo wote waliomfukuza, useme ukweli kwa mdomo wako. Lakini kabla ya kikao nenda nyumbani kwake, peke yako, umwombe radhi. Akikufungia mlango, usimlaumu. Kikao kifanye vilevile.