Bampa Aliyoiunda Musau

Machakos, Jumapili alasiri

Mwanangu Nthenya,

Uniwie radhi kwa kukaa miezi minne bila kukuandikia. Mvua imenyesha na mbaazi za mama yako zimechanua.

Kila Jumapili baada ya ibada huliwasha gari la marehemu kaka yako, nikafumba macho. Injini yake ya rota, isiyo na pistoni, huvuma kama nyuki mzingani, nami huona kana kwamba Musau yuko usukani. Lakini mimi na mama yako tukipanda kilima cha kwenda Kangundo, alikozikwa, oili huchemka, nasi hurudi.

Fundi Ndunda ameleta vipoza oili viwili nichague. Kidogo kinaingia bila kukata chochote, ila hakitakiweza kilima. Kikubwa kitatufikisha, lakini lazima ikatwe bampa aliyoiunda Musau kwa mikono yake.

“Mwalimu, gari ni la kuendeshwa ama la kuliliwa?” Ndunda aliniuliza.

Mama yako akasema kutoka jikoni, “Ndunda, kata. Nataka kufika kaburi ya mtoto wangu na gari yake.”

Tangu mazishi hajakanyaga Kangundo. Niliuchukua msumeno wa Ndunda, nikaufungia kabatini.

Siku nitakapoutoa msumeno, au kumrudishia Ndunda kipoza kikubwa, nitakuandikia.

Baba yako,
Erastus Nzau