Nilikuona Mezani, Zeina

Duka la Vifungo na Zipu,
Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo,
Dar es Salaam.
19 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Zeina,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo uliyonitumia kwa sauti mwezi uliopita niliisikia, na marahaba, ingawa nimechelewa kuiitikia. Vipi hali yako huko Malta? Kifua kimepona? Mama yako aliniambia ulikuwa unakohoa sana kwa ile baridi. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Joto ni lile la Februari unalolijua, feni ya dukani imekufa tangu mwezi wa kumi na mbili, na miguu yangu inavimba ikifika jioni, lakini tunaamka na kufungua duka.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Anwani nimeitoa kwenye kifurushi cha sweta ulichomtumia mama yako, na posta nimelipia ile ya haraka. Nimeshika kalamu kwa sababu nina neno refu la kukuambia, na kwa simu ningelikata katikati. Nivumilie kama utaona napindapinda. Nimechoka, mwanangu, na si uchovu wa kazi.

Mwezi wa kumi na moja biashara ilikuwa imelala. Mafundi cherehani hawaji, wanaokuja wanataka sindano moja. Jirani yangu wa sasa ni kijana anaitwa Pantaleo, anauza makava ya simu pale palipokuwa na yule mama wa khanga. Ni jirani mwema, ananiangalizia duka nikienda msikitini. Siku moja akaniona nachezea pakiti yangu ya karata pale kaunta, sina mteja.

"Mzee, unapenda karata?" akaniuliza.

Nikamwambia mimi na mama yako tumekua na wahedi wa sitini barazani kwa marehemu babu yako, na hata wewe nilikufundisha kuchanganya karata ukiwa huna meno ya mbele. Akacheka, akatoa simu. Akasema kuna karata za mtandaoni, unacheza na kasino iliyo mbali, umekaa hapo hapo kwenye kiti chako. Mchezo unaitwa blakjeki. Wewe huo nisikueleze, maana unaujua kuliko mimi, lakini nakuambia nilivyofundishwa ili uone nilivyoingia. Alisema unatafuta ishirini na moja. Mfalme, malkia na ghulamu wote ni kumi, ree ni moja au kumi na moja upendavyo. Unapewa karata mbili, mgawaji anakuonyesha moja ya kwake, unaomba nyingine au unatulia. Ukipita ishirini na moja umekwisha. Nikaona huu ni mchezo wa watoto.

Alinianzisha na ule wa bure, hela za uongo, siku mbili nzima. Kisha akaniandikisha kwa namba yangu ya simu. Panapotakiwa jina aliangalia rafu zangu, akaandika Mzee Vifungo. Nikaweka elfu tano kutoka kwenye simu, nikashinda siku hiyo hiyo. Najua dini inasemaje, usinikumbushe. Nilijiambia ni kupoteza muda tu mpaka Adhuhuri.

Siku ya tatu Pantaleo akafungua ukurasa mwingine. "Hapa sasa kuna mtu kweli anayegawa, mzee, siyo kompyuta." Ikatokea meza ya kijani, na nyuma yake msichana wa gauni jeusi, kichwa wazi, nywele amezifunga nyuma, na kibati kifuani kimeandikwa Klara. Akainua uso. Alikuwa wewe.

Nilivua miwani nikaifuta kwa shati, nikaivaa tena. Ulikuwa unahesabu karata za mtu, ukauma mdomo wa chini upande mmoja, vile vile anavyofanya mama yako Siwema akihesabu chenji. Pantaleo akaona nimeganda.

"Vipi mzee, unamjua?"

"Simjui," nikamwambia.

Nilikukana, mwanangu, pale pale, wala sikufikiri hata kidogo. Hilo limenikaa moyoni kuliko yote nitakayokuambia.

Kisha ukawakaribisha watu mezani kwa Kiingereza chako cha haraka, mmoja mmoja kwa majina. Ulipofika kwangu ukasema "Mzee Vifungo", kwa lafudhi ya nyumbani kabisa, ukanyamaza kiasi cha mtu kumeza mate. Ukatazama kamera. Mimi nilikuwa nakuona na wewe hunioni, lakini naamini ulijua. Ukaendelea kugawa. Baada ya muda akaja mwenzako kukupokea, ukaonyesha viganja viwili vitupu kama mnavyofanya, ukaondoka.

Kwetu tulijua uko mapokezi ya hoteli. Sijui kama ulianza hotelini ukahamia huko, au hoteli haikuwepo tangu mwanzo. Sikuulizi. Uliondoka hapa na deni la tiketi na maneno ya watu, na kila mwezi unamtumia mama yako hela ya dawa bila kukosa. Mtu anayefanya hivyo simkalii kikao.

Ila nilikutafuta. Siku kumi na moja sikukuona, nikawa naingia meza hii natoka ile. Nilipokupata nikaandika kwenye kile kisanduku cha maneno: "Hujambo mwanangu." Nikaona macho yako yanasoma. Midomo ikacheza kidogo. Kisha ukasema kwa Kiingereza mnawatakia wote bahati njema, ukagawa. Sikukasirika. Nilielewa kuwa una wakubwa wanaosikiliza. Lakini siku hiyo nilifunga duka mapema nikarudi Magomeni kwa miguu, nikapita Mnazi Mmoja kwanza, ambako hata si njiani, nikakaa kwenye nyasi kama mtu asiye na kwake.

Sasa nikuambie ukweli ambao hata mke wangu Fatuma hajaujua. Pale mezani ukikaa bila kuweka hela wanakutoa kwenye kiti. Kwa hiyo nilikuwa naweka ili nikuone. Nilijiambia natumia hela kumwangalia mtoto wa dada yangu kama yuko salama, kuna ubaya gani? Wiki mbili ilikuwa kweli. Wiki ya tatu nikajikuta nimekaa kwenye meza ya mwanamume mwenye ndevu, saa nzima, na wewe hata zamu hukuwa nayo. Nilikuwa na kumi na tano, nikaomba karata, ikaja mfalme wa shupaza. Nikaongeza hela nyingine. Hapo hapakuwa na Zeina. Nilikuwa nimekufanya wewe kisingizio. Hela ya kununulia zipu za msimu wa Idi ikaenda namna hiyo, na mafundi wamekuja mwezi huu wakakuta boksi tupu, wakavuka barabara kwa mwenzangu. Sikulaumu wewe wala Pantaleo. Mkono uliobonyeza ni wangu.

Niliapa kuacha. Na ningeacha kimya kimya, usingepata barua hii, kama si Jumanne ya mwisho wa Januari.

Mama yako alitoka kliniki ya presha akapita dukani kupumzika. Kukaadhiniwa Adhuhuri, nikamwachia kaunta nikaenda kuswali. Simu niliisahau juu ya kaunta, na ile meza ilikuwa wazi, maana kiapo nilikuwa sijakianza. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kiti changu, ameishika simu kwa mikono miwili karibu na uso, anaongea.

"Zeina. Zeina mama. Mimi hapa."

Alidhani umepiga simu ya picha. Akageuka kunitazama.

"Kaka, mbona hanisikii? Namwita ananiangalia tu. Sauti unaongezea wapi?"

Wateja wawili walikuwa wamesimama wanataka vifungo vya shati, nikawaambia tumefunga. Nikavuta ule mlango wa chuma nusu, nikakaa juu ya boksi, nikamweleza. Kasino ni nini, wewe unafanya nini pale, mimi nilifikaje. Alinisikiliza bila kuondoa macho kwenye simu. Nilingoja alie, au anitukane, au aulize habari ya kichwa wazi. Aliendelea kukuangalia mpaka ukaondoka kwenye zamu. Ndipo akasema, "Amekonda."

Kisha akauliza, "Hawa wanaocheza, wanajua ana mama?"

Kesho yake saa nne alikuwa dukani tena. Akasema nimfungulie. Nikamwambia nimeshaapa. Akafungua fundo la khanga, akatoa noti, akaiweka kaunta. "Kidogo tu, kaka. Nimwone amevaa nini leo." Nikamfungulia. Na kesho yake. Na keshokutwa. Anaweka kile kiwango cha chini kabisa, hajali karata gani imekuja, anakuangalia. Ukikohoa anasema "pole mama." Ukicheka na mtu anataka kujua amesema nini, na mimi Kiingereza changu unakijua. Hela ile, Zeina, ni ile unayotuma wewe ya dawa. Inatoka huko mkononi mwako, inafika Magomeni, inarudi huko huko.

Wiki iliyopita nilifunga ile akaunti yangu moja kwa moja. Nimewaandikia wanizuie kwa namba yangu, wamenijibu wamezuia. Nikamwambia mama yako basi, yamekwisha. Alinitazama kama nimemfungia mlango akiwa nje mvuani. Akaondoka hakuaga. Sikumwona tena dukani, na mimi nikashukuru Mungu, nikajua amekubali.

Jana mimi na Fatuma tulienda kwake kula chakula cha jioni. Alipika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, alikuwa mchangamfu, alimtania Fatuma. Nikasema moyoni, alhamdulillah, dada yangu amerudi. Alikuwa ananipakulia samaki, akaniuliza bila hata kuinua kichwa:

"Kaka, ukiwa na kumi na sita, na mgawaji anaonyesha saba, unaomba au unatulia?"

Fatuma akauliza hiyo ni hesabu ya nini. Mama yako akasema, "Mchezo tu wa kwenye simu. Pantaleo alinifungulia kaka alipokuwa msikitini." Na akaniambia, kwa sauti ya chini, kama anayenipa habari njema, kwamba siku hizi anaingia hata ukiwa haupo, kwa sababu amegundua ukijua kucheza vizuri hela inakaa muda mrefu, na wewe ukija unamkuta kiti tayari anacho.

Ameanza kama nilivyoanza mimi, na sababu yake ni nzuri kuliko yangu, ndiyo maana naogopa zaidi. Asubuhi ya leo nimemkabili Pantaleo. Kijana wa watu amejishika kichwa, ameapa hakujua kuwa yule mgawaji ni binti yake, alidhani anamsaidia mama mtu mzima apitishe muda. Ameahidi atamfutia. Lakini mama yako sasa anajua njia, na simu ni yake, na mimi siwezi kumfunga mikono.

Wewe unaweza.

Miezi saba hujampigia simu ya picha. Unatuma sauti, unatuma maandishi, unasema mtandao wa huko mbaya. Sasa unajua kwamba anajua. Hakuna tena cha kuficha kwenye picha. Mpigie. Ukiwa na hilo gauni la kazi au na kanzu, kichwa wazi au kimefunikwa, mpigie hivyo hivyo. Usiandae maelezo, hatayaomba. Yeye yupo nyumbani kila siku baada ya Alasiri. Akikuuliza umekula nini, mwambie umekula nini. Akikuambia umekonda, mkubalie. Kaa naye dakika kumi, bure, bila mtu kuweka hela mezani, na umwache akuangalie mpaka atosheke. Mimi nimejaribu kwa maneno yote niliyonayo, na sina mengine.

Kama kazi hiyo inakutesa na unataka kurudi, duka lipo, hata likiwa na rafu tupu tutalijaza pamoja. Kama inakufaa, ifanye, lakini ifanye ukiwa na mama yako upande wako, asiwe mmoja wa wale wachezaji saba wanaokukalia mbele mezani.

Fatuma anakusalimu sana, anauliza kama unahitaji dagaa na pilipili za kusaga, kuna mtu atasafiri baada ya Idi. Mwanangu Mazin anasema umemsahau na kwamba ameoa, picha atakutumia mwenyewe. Bibi Najma wa nyumba ya pili macho yamemshinda lakini jina lako analijua, kila Ijumaa anakuombea. Mama yako hajui kama nakuandikia, kwa hiyo salamu zake sina. Zichukue mwenyewe kwake.

Ramadhani iko mlangoni. Mwenyezi Mungu akufikishe salama, akulinde na baridi ya huko na macho ya watu, na akulainishie mkono kwenye simu leo kabla hujalala.

Ni mimi mjomba wako, niliyesema sikujui na ninayekupenda,

Abdulhamid