Rukia, Sifa Zangu Wamekupa Wewe

Mwenzangu Rukia,

Nakutolea salamu, ingawa nakuandikia na kinyongo moyoni. Ulivyonijua, hutashangaa.

Mume wetu Athmani bado yuakulilia. Mfereji ukikauka hasemi, "Zaina, tufanyeje?" Yuasema, "Angekuwepo Rukia..." kisha anashusha pumzi. Nami niko mbele yake na ndoo mkononi, natoka kuteka kwa jirani. Hanioni.

Nakuonea wivu. Nilidhani mtu akizikwa, wivu unaomwonea huzikwa naye. Kumbe wako ulibaki huku, kwangu.

Ulipoletwa nyumba hii ya Kibokoni, ukawekwa orofa ya juu, mimi nilikuwa mke wa miaka mingi, najua kila kijiko kinalala wapi. Wewe hata chumvi yako hukujua umeiweka wapi, na bado walikupenda. Wakumbuka asubuhi ile ya Idi? Pasi iliunguza kanzu mpya ya bwana, tundu kubwa mgongoni. Ingekuwa mimi, ningelia mpaka watu watoke msikitini. Wewe uliitazama, ukacheka hata ukashika ukuta. "Basi mwaka huu ni Idi ya kikoi!" Ukamvisha kikoi, shati jeupe na koti la marehemu babake, akatoka kama bwana harusi. Wazee wa barazani wakamsifu wiki nzima. Mimi mwaka wa nyuma nilizidisha chumvi kidogo tu kwenye biriani, nikanuniwa mpaka nikakonda.

Na siku feri ilipokwama katikati ya maji, tukienda arusini Likoni? Mimi nilishika tasbihi na kulaumu kila mtu. Nikigeuka, wewe umeshafunua sinia, wawagawia abiria mahamri. Mahamri niliyoyakanda mimi, Rukia! Tulifika ng'ambo mikono mitupu, lakini ulikuwa umepata shoga mpya, na mwanawe ndiye aliyekuja kumposa binti yako Salma. Hata mkwe ulimpata kwa unga wangu.

Sasa sikiliza habari za harusi yake, maana hukuiona.

Salma alihamia chini kwangu ulipotutoka. Siku ya kupambwa, wanawake wakiwa tayari na nguo zao za kung'ara, ikaja simu: bomba la ukumbi tuliokodi apambiwe limepasuka, maji yamejaa, viti vyaelea. Nikakaa kitako sakafuni. Salma, hina imemkolea mikononi, akanitazama. Lakini niliyaona macho yake yakikutafuta wewe nyuma ya bega langu.

Hilo ndilo lililoniinua. Si ushujaa, mwenzangu. Ni wivu.

Nikasema, "Atapambwa hapa, kichochoroni." Dadangu akadhani nimepagawa. Nikatoa mashuka yote kabatini, nikayatundika mwanzo wa kichochoro na mwisho, wanaume wazunguke njia ya sokoni. Jirani wa kushoto akashusha mikeka. Wa kulia akapitisha waya wa taa dirishani. Viti vikatoka kila nyumba, hakuna kimoja kilichofanana na mwenziwe. Bi arusi tukamketisha kwenye kibaraza cha mlango wetu, mto wa kitanda changu mgongoni mwake, asumini kichwani. Wapiga ngoma walipoanza, sauti ikagonga kuta zile mbili nyembamba ikarudi maradufu, na vigelegele vikatoka hata madirishani kwa vikongwe wasioweza kushuka ngazi. Rukia, nilicheza. Mimi, Zaina, nilicheza mbele za watu mpaka leso ikanivuka.

Kisha wakaja mmoja mmoja kuniaga. Unajua walisema nini? "Leo tumemwona Rukia." "Huyu ni Rukia mtupu." Nikatabasamu, nikaingia jikoni, nikakusudia kulia. Jasho langu, mashuka yangu, na sifa zako! Wewe uliyelala kaburini hukuinua hata kikombe.

Salma akanifuata, mapambo yote mwilini. Akanishika mkono, akasema, "Mama mkubwa, mama angeleta ngoma hiyohiyo. Lakini maji ya kunawa asingeyakumbuka. Wageni wangekula biriani na mikono michafu, naye anacheka."

Nikacheka. Halafu nikalia vizuri, lakini si kilio kile nilichokikusudia. Maana ni kweli, usingeyakumbuka. Na ni kweli pia kwamba bila kukuona miaka yote ile, nisingethubutu kulitundika shuka la kwanza. Hilo nakwambia wewe peke yako. Kwa Athmani sitalisema.

Nimekusamehe? Hapana, bado. Jana bwana alipasua kioo cha taa, akaanza, "Angekuwepo..." Kisha akanitazama, akauliza, "Zaina, tufanyeje?" Nimeanzia hapo.

Salma amechukuliwa na mumewe Unguja, na sasa ana mimba. Anataka nikamwuguze akijifungua. Wajua ninavyoogopa bahari, na wajua kisiwa kile ulivyokitamani usikifikie. Basi nakuahidi: nitakwenda. Nikitapika nitatapika, nikipotea mitaa yao nitauliza. Mjukuu wako nitampakata mimi wa kwanza, na jina lako nitamnong'oneza kabla ya langu.

Lala salama, mke mwenzangu. Mungu akupanulie kaburi. Zamu ya kuona wivu sasa ni yako.

Zaina