Kaburi la filamu ya Avit

Evodia, acha unachofanya usome. Natoka kwa kina Jovita sasa hivi, bado nina udongo mikononi.

Unakumbuka Avit aliomba kibanja chao cha migomba kule Izigo arekodi filamu? Alimwambia Jovita ni ya kutisha kidogo, dada anamtafuta kaka yake aliyepotea. Jovita akakubali kwa ajili ya kaka yake Clavery. Mwaka wa sita huu hajulikani alipo.

Jana ikaonyeshwa Kibeta, ukumbi umejaa. Jovita kakaa mbele na mama yake. Mwishoni dada anafukua kwenye migomba, anamkuta kaka. Aliyemuua ni mama yao. Mama yao, Evodia! Na kavalishwa kitenge kama cha mama Jovita.

Watu wakageuka kumtazama. Mama akasema taratibu, "Kwa hiyo nilimuua mimi."

Avit akacheka. "Mama, ni filamu tu."

Filamu tu. Na lile kaburi alilochimba kibanjani kaliacha wazi.

Unajua kwetu kaburi halikai tupu. Mwili usipopatikana, unazikwa mgomba badala yake. Miaka yote hii mama amekataa kumzikia Clavery mgomba.

Leo asubuhi Jovita kakata mgomba, kauvalisha koti alilosahau Avit, lenye jina lake mgongoni. Tukauzika. Sala kaongoza mama mwenyewe.

Kisha akampigia. "Avit, kaburi lako tumelifukia, umo ndani. Mwanangu bado namsubiri."