Debora Ameandika Hadithi ya Tembo

S.L.P. 31,
Mikumi, Kilosa.
10 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Bibiana,

Hujambo, mama? Mgongo umepoa? Baridi ya Tukuyu mnaiwezaje? Sisi wazima, ila magoti yangu yananung'unika kila nikikaanga maandazi. Ningekupigia simu, lakini habari hii haitoshi kwenye vocha.

Bibiana, nimezaa mtunzi! Debora wetu ameandika hadithi ya watoto. Tembo mdogo anatoka hifadhini na njaa, anaingia kwenye mahindi, watu wanamfukuza kwa kupiga madebe, anapotezana na mama yake. Nililia, na unajua mimi silii hovyo.

Wachapishaji wa Dar walisema iwafikie Jumamosi, isomwe kwanza mbele ya watoto. Nani asome kama si mimi, msoma somo wa kanisani? Nikakusanya watoto wa jirani. Ila niliona mafunzo hayatoshi, nikaongeza yangu kila ukurasa: nawa mikono, heshimu wakubwa, usiteme mate njiani. Wakachoropoka mmoja mmoja. Akabaki Ziada, mjukuu wa mzee Mudathir, akaniuliza, "Bibi, tembo anarudi saa ngapi? Huyu wa kunawa mikono simtaki."

Debora akajifungia chumbani. Akasema hadithi yake haifai, haitumi tena. Mdogo wangu, nilijiona mchawi.

Ijumaa nikamwomba radhi, mimi mama mzima, nikawaita watoto tena. Akasoma mwenyewe, maneno yake tu. Hakuna aliyeinuka hata kwenda kukojoa. Hata hivyo bado akasita kuituma.

Jumamosi asubuhi nafunua beseni la maandazi: tupu! Nikafuata makombo mpaka nyuma ya nyumba, ukingoni mwa shamba. Maandazi yangu yote yamepangwa juu ya jani la mgomba, Ziada kayasimamia.

"Shikamoo bibi. Usiyaguse, ni ya tembo. Akishiba atapata nguvu za kumtafuta mama yake."

Hata marahaba sikuitika. Nilirudi mbio nikipiga kelele, "Debora, tuma! Mtoto akiiba kwa ajili ya tembo, hadithi imemwingia!" Akacheka mpaka akakaa chini, akaituma palepale.

Jibu bado. Lakini jana kanisani, wakati wa matangazo, nilisimama nikasema kitabu kinatoka. Tangu hapo Debora haniongeleshi. Niombee waikubali, la sivyo nitandikie kitanda, nakuja kukaa kwako.

Msalimie shemeji Lupakisyo, na wanangu Alex na Raheli. Mungu awakinge na baridi hiyo.

Dada yako akupendaye sana,
Monica, Mama Mtunzi