Nati ya Gitaa na Supu ya Mkwe

Alhamisi. Kianjai kuna mawingu tangu asubuhi. Mvua imekataa kunyesha na imekataa kuondoka. Mikono yangu inanuka mfupa na nina furaha ya kijinga.

Keshokutwa dada yangu Kendi anaolewa. Aliniomba kitu kimoja tu: nimpigie gitaa anapoingia kanisani. Hataki kinanda wala spika. Ananitaka mimi, maana ndiye aliyenivumilia nilipokuwa najifunza.

Shida ilikuwa nati. Ndivyo tunavyokiita kile kipande chembamba cha mwisho wa shingo ya gitaa, kinachoinua nyuzi zisilale kwenye ubao. Yangu ilipasuka, nikachonga nyingine kwa mpini wa mswaki wa zamani. Ndiyo, wa waridi. Nilijiona fundi mkubwa.

Jumapili nikamchezea Kendi. Nyuzi za kati zilivuma, za pembeni zikanikata vidole.

"Wewe, hii gita inalia kama posho mill," akasema. "Nikiingia na hiyo sauti watu watatoa magunia ya mahindi."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Niliumia.

Jana nililaza rula kwa upana juu ya shingo ya gitaa, ikayumba huku na huku. Kumbe shingo ina mgongo! Imeinuka kidogo katikati, nami niliiwekea nati iliyonyooka kama rula yenyewe. Ndiyo maana nyuzi za kati zilikaa chini mno na za pembeni juu mno. Miaka yote hii nimeishika shingo hiyo na sikuwahi kugundua.

Basi leo nikanunua mfupa wa mguu wa ng'ombe, nikauteleka jikoni uchemke mafuta yatoke, nikaenda sokoni kutafuta msasa.

Sikumwambia mama.

Mama alitoka shambani akamkuta mlangoni baba wa bwana harusi, amekuja kuulizia mambo ya hema. Mgeni mzito hivyo, na sufuria inachemka. Mama hajawahi kuona mfupa ukichemka bila chumvi akanyamaza. Akatia kitunguu, akatia dhania.

Niliporudi, mzee alikuwa ameushika mfupa wangu kwa mikono miwili, anaufyonza kwa bidii huku amefumba macho. Nikaketi mbele yake na msasa wangu mfukoni. Mkwe huwezi kumpokonya mfupa. Hata kumtazama sana ni aibu, nami nilikuwa namtazama kama paka.

Nikasubiri aumalize. Akaumaliza, akatoa leso, akaufunga vizuri.

"Hii ni ya Simba," akasema. Simba ni mbwa wake.

Buchani nilishapita nikitoka sokoni, pamefungwa, na kesho nyumba itajaa wageni. Nikaona harusi nzima inaingia mdomoni mwa mbwa. Nikamsindikiza hadi kwenye geti, nikamwambia kila kitu, mpaka mswaki.

Mzee aliitazama leso yenye mfupa. Nikajua nimemharibia Kendi ndoa.

"Kwa hivyo hii mfupa nimekula," akasema polepole, "ndio itaingiza bibi harusi wetu kanisa?"

"Ndio, baba."

Alicheka hadi akashikilia geti. Akanipa mfupa, na leso juu yake.

Na niseme ukweli, alikuwa ameusafisha kuliko maji yangu.

Nilikata kipande kwa msumeno. Nikapasua penseli kwa urefu, nikalaza nusu moja juu ya vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo na kuchora mgongo wa shingo kwenye mfupa. Nikasugua kwa msasa, nikapima, nikasugua tena, kisha nikachimba njia za nyuzi. Nilipokaza uzi wa mwisho niliogopa hata kuugusa.

Haukuvuma. Hakuna uliovuma.

Kendi alikuwa nje anapukuchua maharagwe. Alikuja akasimama mlangoni na ungo wake, nikamaliza wimbo, nikangoja utani. Haukuja.

"Rudia," akasema. "Kutoka mwanzo."

Nikarudia, na hapo ndipo iliponiingia kwamba Jumapili hatakuwa mlangoni pale. Nitamkosa sana.

Jumamosi kulia nimejiruhusu. Kinachonitisha ni kucheka: mzee ameahidi kukaa kiti cha mbele, na amesema wimbo ukianza atalamba midomo.